Feni na dampa za kudhibiti moshi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye majengo, wahandisi, wasimamizi wa majengo, na mafundi wa umeme na viyoyozi wanaofanya kazi Posta, Upanga, Kariakoo, Masaki na kwingineko jijini. Dampa ni kifaa chenye mabapa kinachofungua au kuziba njia ya hewa kwenye dakti, yaani mfereji wa kupitishia hewa. Maswali yaliyomo hujitokeza karibu kila mradi. Kinachosikitisha ni kwamba mengi huulizwa siling'i zikiwa zimeshafungwa na feni ziko njiani kutoka bandarini. Ukiwa bado uko kwenye michoro, umewahi. Soma sasa.

Kwa nini moshi upangiwe mfumo wake? Springla hazitoshi?

Springla, vile vinyunyizio vya maji vya darini, hupambana na moto. Moshi hausubiri ziumalize. Mwaka 1980 hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani, iliungua kwenye sakafu ya kasino huko chini. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu kabisa, mbali na miali. Moshi uliwafikia kwa kupitia ngazi, mashimo ya lifti na mifumo ya hewa. Mfumo wa kudhibiti moshi unalenga njia hizo hizo: kuzifunga, kuzisukumia hewa safi, au kuuvuta moshi nje kabla haujaingia humo.

Jengo langu lina ghorofa nane tu. Nalazimika kuwa nao?

Peleka michoro Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla hujaagiza kitu chochote. Sheria ya mwaka 2007 inalipa Jeshi hilo mamlaka ya kukagua usalama wa moto kwenye majengo, na jibu lao kuhusu jengo lako ndilo litakalokuongoza. Urefu peke yake hautoi jibu. Ghorofa nane za ofisi zenye madirisha yanayofunguka si sawa na ghorofa nane zenye maegesho chini ya ardhi, maduka katikati na vioo visivyofunguka kuanzia chini hadi juu.

Kupanga kuanzie wapi?

Anza na jedwali la sababu na matokeo, kabla ya katalogi ya feni na kabla ya bei. Ni karatasi moja kubwa: kila mstari ni tukio (kihisi moshi cha ghorofa ya 5, springla ya ghorofa ya 5, umeme kukatika, swichi ya zimamoto kugeuzwa), na kila safu ni kifaa kimoja kwa jina lake. Panapokutana mstari na safu, andika kifaa kifanye nini: kiwake, kizime, kifunguke, kifungwe, au kibaki kilivyo. Usiache kisanduku kitupu. Ukikiacha, fundi atakijaza mwenyewe usiku wa kuamkia ukaguzi.

Chukua jengo la ghorofa 12 pale Upanga, lenye viyoyozi vya pamoja na maegesho ya ghorofa mbili chini ya ardhi. Kihisi kimeona moshi ghorofa ya 5. Dampa ya kuingizia hewa ghorofa ya 5 ifungwe, na dampa yake ya kutolea moshi ifunguke. Dampa za kutolea moshi za ghorofa nyingine zote zibaki zimefungwa, la sivyo feni itavuta hewa safi ya ghorofa ya 9 na kuuacha moshi wa ghorofa ya 5 ukizagaa. Feni ya kutoa moshi iwake. Ghorofa ya 4 na ya 6 ziendelee kuingiziwa hewa huku njia zao za kurudisha hewa zikifungwa, ili presha yao iuzuie moshi usiwavukie. Feni za kusukuma hewa kwenye ngazi ziwake. Hewa ya kurudi isichanganywe tena na hewa inayosambazwa. Lifti zishuke chini na kufungua milango. Milango ya kadi kuelekea ngazi iachie. Hayo yote ni mstari mmoja tu, na jengo hilo lina mistari mingi.

Jedwali likishakamilika, liongezee safu mbili ambazo wengi huzisahau. Ya kwanza inaeleza kila kifaa kitathibitishaje kwamba kimetii. Ya pili inaonyesha kimepewa sekunde ngapi. Bila safu hizo mbili una orodha ya amri tu, na amri iliyotumwa haimaanishi kwamba kazi imefanyika.

Nani aliandike: fundi wa umeme, wa viyoyozi, au wa kengele za moto?

Hakuna hata mmoja wao peke yake. Mhandisi aliyesajiliwa aliandike, kisha wote watatu walitie saini. Nalisisitiza hili kwa sababu makosa mengi huzaliwa kwenye mpaka baina yao. Wa kengele anasema yeye hutoa ishara tu, wa viyoyozi anasema dampa zake ziko salama, wa umeme anasema kontakta, ile swichi inayowasha feni, inafanya kazi. Kila mmoja anasema kweli kwa sehemu yake, na moshi bado hautoki. Andika kwenye mkataba nani anavuta waya kutoka paneli ya kengele hadi paneli ya feni, na nani anatoa relei ya katikati, swichi ndogo inayopitisha ishara.

Mtu akivunja kioo cha kengele ukutani, feni za ghorofa hiyo ziwake?

Feni za ngazi, ndiyo. Utaratibu wa kutoa moshi wa ghorofa husika, hapana. Anayekimbia huweza kuona moshi ghorofa ya 7 akabonyeza kengele akiwa amefika ya 3. Mfumo ukiamini kitufe hicho utafungua dampa za ghorofa ya 3 na kuiacha ya 7 ijae moshi. Kuchagua kanda, yaani sehemu ya jengo ambayo moshi wake unadhibitiwa peke yake, kuachiwe vihisi moshi na ishara za springla, na mabomba ya springla yagawanywe kwa kufuata mipaka ile ile ya kanda za moshi. Bomba moja likihudumia ghorofa mbili, ishara yake haikuambii moto uko wapi.

Vihisi vya ghorofa mbili vikilia, mfumo ufuate kipi?

Ufuate cha kwanza. Moshi unaovuja kwenda ghorofa nyingine utawasha vihisi vya huko. Dampa zikianza kubadilika kila kihisi kinapolia, feni moja itajikuta inavuta ghorofa tatu kwa wakati mmoja na kushindwa zote. Mabadiliko baada ya hapo ni uamuzi wa ofisa wa zimamoto aliyesimama mbele ya paneli. Vilevile mfumo usijirudishe wenyewe katika hali ya kawaida kwa sababu kihisi kimenyamaza, maana huenda kimeungua. Urudishwe kwa mkono.

Dampa ya moto na dampa ya kudhibiti moshi zina tofauti gani? Muuzaji anasema ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Dampa ya moto ya kawaida hukaa wazi ikisubiri joto. Kiungo chake huyeyuka kwenye nyuzi joto 72 hivi za Selsiasi, springi inavuta, dampa inafunga na kubaki hivyo. Moshi wa baridi unapita hapo bila kuigusa. Dampa ya kudhibiti moshi ina mota, hupokea amri, na wakati mwingine kazi yake ni kufunguka na kubaki wazi moshi wa moto ukipita ndani yake. Ukiweka yenye kiungo cha kuyeyuka kwenye dakti ya kutolea moshi, itafunga pale pale moshi unapopata moto, yaani wakati unapoihitaji kuliko wakati wowote. Kwa vifaa vya Ulaya, uliza cheti cha EN 12101-8 kwa dampa na EN 12101-3 kwa feni. Kwenye cheti cha feni soma daraja lake la joto: F300, kwa mfano, maana yake feni imejaribiwa kwenye nyuzi 300 kwa dakika 60.

Umeme ukikatika, dampa ikae wapi?

Amua kwa kila dampa, usitoe kanuni moja kwa jengo zima. Dampa kwenye ukuta unaotenganisha kanda, yenye springi, ifunge. Dampa ya kuingizia hewa ya feni ya ngazi ni bora ifunguke, maana umeme ukirudi feni itahitaji njia. Dampa za dakti kuu ya kutolea moshi inayohudumia ghorofa nyingi ni afadhali zibaki zilipo: ya ghorofa ya moto wazi, nyingine zimefungwa. Zikipewa springi za kufungua, umeme kuyumba kidogo tu kutafungua zote kwa pamoja.

Kipi kianze, feni au dampa?

Dampa kwanza. Feni kubwa ikivuta kwenye dakti iliyozibwa huweza kuibonyeza dakti ya bati ikakunjamana, na dampa yenye mota ndogo hushindwa kufunguka dhidi ya mvuto huo. Swichi ya kikomo, ile inayoguswa bapa linapofika mwisho wa safari yake, ithibitishe kwamba dampa imefunguka, ndipo kontakta ya feni ipate ruhusa. Lakini weka ukomo wa muda. Swichi ya kikomo ikifa baada ya kutu ya miaka mitano, feni isikae inasubiri huku watu wanakosa hewa. Muda ukipita, paneli iwashe taa ya hitilafu, na mhandisi awe ameshaamua tangu mwanzo kama feni iwake hivyo hivyo. Kwa dakti imara, mimi huchagua iwake.

Kiwango cha Marekani cha mifumo ya kudhibiti moshi, NFPA 92, kinataka feni ziwe zimefikia hali inayotakiwa ndani ya sekunde 60 na dampa zimalize safari yake ndani ya 75. Mota ya dampa inayochukua dakika mbili na nusu, ya aina inayotumika kwenye viyoyozi vya kawaida, haifai hapa hata ikiwa bei yake ni nusu.

Taa ya kijani kwenye paneli inawaka. Si inatosha kujua feni inazunguka?

Uliza taa hiyo imeunganishwa wapi. Mara nyingi nyaya zake zinatoka kwenye kontakta, kwa hiyo inakueleza tu kwamba kontakta imeshika. Beliti inaweza kuwa imekatika. Swichi ya kuzimia iliyo paani inaweza kuwa imeachwa ikiwa imezimwa na fundi aliyekuja kusafisha. Nyaya za mota zinaweza kuwa zimebadilishana, feni ikazunguka kinyumenyume na kutoa upepo haba. Kupima mkondo wa umeme husaidia kidogo, lakini uthibitisho wa kweli hutoka kwenye hewa yenyewe: swichi ya tofauti ya presha kati ya kabla na baada ya feni, au kipima mtiririko ndani ya dakti.

Dampa nayo ipewe swichi mbili za kikomo, ya wazi na ya kufungwa, na zishikwe na ekseli ya mabapa yenyewe. Zikiwa ndani ya mota, skrubu ya kuunganishia ikilegea mota itazunguka vizuri, taa itabadilika, na bapa litabaki lilipokuwa. Hapa ndipo ningekuomba usibane matumizi. Punguza marumaru za mapokezi kama ni lazima.

Presha ya ngazi iwe kiasi gani?

Iwe ya kutosha kuuzuia moshi, na isizidi nguvu za mkono wa bibi anayesukuma mlango. Kiwango cha Ulaya cha EN 12101-6 kilizoeleka kwa paskali 50 milango ikiwa imefungwa, na nguvu ya kufungua mlango isiyozidi nyutoni 100. NFPA 92 inakubali kuanzia paskali 12.5 katika jengo lenye springla. Chagua kiwango kimoja ukifuate chote, usichanganye namba rahisi za kila upande.

Fanya hesabu kwa mlango wa sentimita 90 kwa mita 2.1. Paskali 50 zinadai takriban nyutoni 51 kwenye kitasa. Kifunga mlango kikiongeza 40, jumla ni 91, na mlango unafunguka. Presha ikipanda hadi 80, kitasa kinadai 82, na pamoja na kifunga mlango unafika 122. Mtoto hafungui hapo. Kwa hiyo feni ya ngazi isiyo na kitu cha kuirekebisha ni hatari, kwa sababu presha hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Weka kihisi cha presha kinachoongoza inveta inayobadilisha kasi ya mota, au dampa ya kupunguzia presha inayosukumwa wazi na presha yenyewe na kujifunga kwa uzito wake. Ya pili ni rahisi kutunza, haina programu, na fundi yeyote anaielewa. Kwa ngazi za ghorofa chache ningeanza nayo.

Hali ya hewa ya Dar inabadilisha nini kwenye mpango?

Mengi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani ni ya joto na hupanda kwenye mashimo ya lifti. Kwetu ni kinyume. Nje nyuzi 32, ndani kiyoyozi kimeshusha hadi 24: hewa ya ndani ni nzito, inashuka. Katika jengo la mita 80, tofauti hiyo inazalisha takriban paskali 12 kati ya katikati ya jengo na ncha zake. Linganisha na zile 12.5 za NFPA. Moshi uliopozwa na springla ghorofa ya 15 unaweza kuingia shimo la lifti na kushuka, na mlinzi wa chini akaunusa kabla ya mpangaji wa ghorofa ya 16. Pima presha za ngazi viyoyozi vikiwa vinafanya kazi tangu asubuhi, kisha upime tena vikiwa vimezimwa.

Upepo nao una majira: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi miezi ya katikati ya mwaka. Mdomo wa kuvutia hewa ya ngazi usikae mahali ambapo pepo mojawapo itauletea moshi uliotoka kwenye feni ya paa, wala jirani na bomba la moshi la jenereta. Weka kihisi moshi kwenye mdomo huo, kiizime feni ya ngazi ikianza kuvuta moshi, na ofisa wa zimamoto awe na uwezo wa kuiwasha tena kwa uamuzi wake.

Halafu kuna chumvi. Masaki na Oysterbay, dampa ya bati la kawaida kwenye paa linalotazama bahari hushika kutu kwenye bawaba na kugoma. Agiza ya chuma cha pua au aluminiamu, na uifungue na kuifunga mara kwa mara.

Maegesho ya chini ya ardhi yana kanuni zake?

Ndiyo. Kwa desturi ya Uingereza, feni hubadilisha hewa yote mara 6 kwa saa siku za kawaida kwa ajili ya gesi ya magari, na mara 10 kwa saa moto ukitokea. Zile feni za kusukuma hewa zinazoning'inia kwenye dari zisiwake papo hapo. Mwanzoni moshi huelea juu na watu hupita chini yake, na feni hizo zikiwaka huuchanganya na kuushusha usoni. Wape watu dakika kadhaa za kutoka, muda ambao mhandisi ameukokotoa kwa umbali wa milango. Feni kuu za kutoa zenyewe ziwake mara moja.

Paneli ya zimamoto iwekwe wapi, na iweje?

Karibu na mlango ambao gari la zimamoto litasimama, mahali panapoonekana, si ndani ya ofisi ya meneja iliyofungwa wikendi. Iwe na mchoro wa jengo na swichi ya kila feni yenye nafasi tatu: washa, zima, otomatiki. Rangi zinazotumika Marekani ni nyeupe kwa hali ya kawaida, kijani kwa kifaa kinachofanya kazi au kilicho wazi, nyekundu kwa kilichozimwa au kilichofungwa, njano kwa hitilafu. Maandishi yawe ya Kiswahili. Wanaokuja saa nane usiku ni askari wetu, na mlinzi anayewapokea ni wetu pia. «FENI YA NGAZI YA MASHARIKI» inasomeka mara moja.

Amri ya paneli hii ishinde nyingine zote: kompyuta ya jengo, saa ya viyoyozi, swichi ya chumba cha mitambo, hata kihisi moshi cha ndani ya dakti. Hicho cha mwisho kina kisa chake. Kwa kawaida kihisi cha dakti kinapoona moshi huzima feni. Kwenye dakti ya kutolea moshi, kisipopuuzwa wakati wa moto, kitaizima feni kwa kosa la kufanya kazi yake. Lakini kinga ya shoti ya umeme isipuuzwe.

Kompyuta ya kusimamia jengo inaweza kuendesha haya yote?

Inaweza kuonyesha hali ya vifaa. Kuendesha, iwe kwa vifaa vilivyoidhinishwa kwa kazi ya moto tu. Njia salama zaidi ni waya wa moja kwa moja kutoka paneli ya kengele hadi paneli ya feni.

TANESCO ikikatika katikati ya moto?

Jenereta lazima ipokee mzigo yenyewe. Lenga sekunde 10 hadi 15. Nyaya za feni ziwe za kustahimili moto na zipite njia tofauti na zile za kawaida, na zianzie kabla ya swichi kuu ambayo mlinzi ameelekezwa kuizima. Paneli ya udhibiti iwe na betri, isisahau ilikuwa kwenye hali gani.

Angalia pia kontakta zinazojishikilia kwa kitufe. Umeme ukikatika huachia, na umeme wa jenereta ukija hazirudi mpaka mtu abonyeze tena. Kwa feni za moshi hilo halikubaliki: zirudi zenyewe, moja baada ya nyingine, ili jenereta isizidiwe na mota zote kuanza pamoja.

Majaribio yafanyweje?

Kifaa kwa kifaa, kisha mstari kwa mstari wa jedwali. Peleka moshi wa majaribio kwenye kihisi halisi cha ghorofa ya 5, kisha watu wenye redio wasimame kwenye kila dampa na waangalie mabapa kwa macho. Pima paskali kwa manomita, yaani kipima presha, kwenye kila mlango wa ngazi, na nguvu ya kufungua kwa mizani ya kuvuta. Rudia ukiwa umekata umeme. Bomu la moshi hupendeza kwenye picha lakini moshi wake ni wa baridi. Haukuambii presha inatosha au la.

Baada ya jengo kuhamiwa, NFPA 92 inataka mfumo uliotengwa kwa moshi tu ujaribiwe kila miezi sita, na ule unaoshirikiana na viyoyozi kila mwaka. Jaribu pia kila mpangaji anapobadilisha kuta au siling'i. Ukuta mpya wa jipsamu hukata kanda ya moshi bila paneli kujua.

Nyaraka zipi zibaki kwenye jengo?

Jedwali la sababu na matokeo lenye tarehe ya marekebisho ya mwisho, mchoro wa kanda, namba ya kila dampa na mahali pa kifuniko cha kuifikia, vipimo vya siku ya kukabidhiwa, na daftari la majaribio. Nakala moja ikae kwenye kisanduku kando ya paneli ya zimamoto, nyingine kwa meneja. Namba ya dharura 114 ibandikwe juu ya kisanduku hicho, na zamu zote za walinzi zionyeshwe kilipo.